Pembe ya Susu ya Chelimo

Wanaume wa siku hizi wakibeba mtoto mpaka kliniki mara moja, wanataka kijiji kizima kiwapigie makofi. Wee! Hamkumjua Kimutai.

Kimutai alikuwa jirani yangu upande wa Moiben, tulipokatiwa mashamba baada ya mzungu kuuza na kurudi kwao, miaka michache baada ya uhuru. Mimi na mume wangu Kituyi tulitoka Bungoma. Mzee Kabiru, wa shamba la chini, alitoka Nyeri. Kimutai alitoka Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret, ambako alikuwa kibarua wa reli. Tulisalimiana kwa mbali tu. Kila mtu alikuwa na ua wake na lugha yake, na tuliangaliana kwa pembeni.

Mkewe Jepkosgei ndiye aliyenitolea ya moyoni, siku moja tukiteka maji mtoni. Binti yao Chelimo alikuwa ndio kwanza ameachishwa nepi. Mchana hana shida, akibanwa na mkojo anasema "susu", anakimbilia mkebe wake wa mafuta ya Kimbo na kuita watu waje waone. Usiku ndio kazi. Kule Sisibo waliishi kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na kila usiku gari la moshi la mizigo lilipita likipiga honi ya kutikisa mabati. Chelimo aliamka, baba yake akamkalisha kwenye mkebe, akakojoa, akalala mkavu mpaka asubuhi.

"Baba yake?" nikauliza. Kwao wakati ule mwanamume hakushika mtoto mdogo, sembuse mkebe wa mkojo.

"Mimi nikilala, hata mkiezua nyumba siamki," akasema Jepkosgei, akacheka. Kisha kicheko kikamwisha. "Mama Nicanor, huku hakuna treni."

Ndiyo shida yenyewe. Kimutai aliendelea kuamka saa ile ile, mwili umeshazoea, akamwinua mtoto. Lakini Chelimo akiinuliwa usingizini alikakamaa kama ukuni na kupiga mayowe, tone halitoki. Akirudishwa kitandani, haikupita muda blanketi lote limelowa. Na baridi ya huko mnaijua, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Mwaka uliotangulia mtoto huyo alikuwa ameugua nimonia nusura wamzike, na daktari aliwaambia asilale na maji tena. Sasa kikohozi kilikuwa kimerudi.

"Kikizidi, itabidi nimpeleke kwa dada yangu kule landi," akasema. "Baba yake hataki hata kusikia. Anasema afadhali aache shamba." Akalia palepale, ndoo mkononi. Nami nikalia naye, na kusema kweli sikuwa nimewahi hata kumkaribisha chai.

Siku chache baadaye, usiku, nikasikia pembe.

Woi! Pembe ya ng'ombe usiku ilikuwa na maana moja tu pale: wezi wa mifugo. Kituyi aliruka na panga. Mimi nikachukua mwiko wa ugali, sijui nilitaka kumsongea nani. Tukakimbia miguu mitupu kwenye umande wa barafu. Mlangoni kwa Kimutai tukagongana na Mzee Kabiru, blanketi begani, rungu juu.

Mlango ulikuwa wazi, koroboi inawaka. Kimutai amesimama katikati ya nyumba na pembe ya marehemu baba yake mkononi.

"Wameelekea wapi?" Mzee Kabiru akanguruma.

"Nani, Mzee?"

"Wezi!"

"Hakuna wezi."

"Ng'ombe je?"

"Wapo." Akatazama chini. "Ni mtoto. Anataka susu."

Ala! Nilimfungulia mdomo. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Nilimuuliza kama reli ilimtoa akili, na kama anajua Kituyi angeweza kujikata mguu gizani. Nilikuwa ndio kwanza napata moto, tukasikia kitu kinalia ndani ya bati: tiriririii.

Tukageuka. Kando ya jiko, Chelimo ameketi kwenye mkebe, gauni amelikunja mpaka kifuani, macho makavu, ametulia kabisa. Akatutazama na silaha zetu.

"Gari imekuja," akatuambia.

Nani angeweza kugomba tena? Jepkosgei, ambaye hata yeye pembe ilimwamsha, akapapasa blanketi la mtoto upande huu na upande ule. Kavu. Akaketi chini akajifunika uso na leso, mabega yanatikisika. Kimutai akampangusa Chelimo mwenyewe, mbele ya wanaume wenzake, akamlaza. Mzee Kabiru alianza kukohoa, kumbe anacheka, akacheka mpaka rungu likamtoka. Ikabidi chai ipikwe. Ndiyo mara yetu ya kwanza kunywa chai nyumba moja.

Tulikubaliana palepale. Pembe ndefu, mara moja, ni ya Chelimo. Pembe za kukatakata ni za wezi. Mzee Kabiru alinung'unika kwamba usingizi wake umeuzwa bila yeye kuulizwa, lakini baada ya siku chache nikasikia kwamba na yeye anaitumia kumwamsha mjukuu wake. Na mimi, nifiche nini? Nicanor wangu alikuwa mkubwa kuliko Chelimo na bado alilowesha. Pembe ikilia, namkalisha. Nadhani watoto wa mtaa wote ule walikojoa wakati mmoja. Kikohozi cha Chelimo kikaisha, na habari ya kumpeleka kwa dada ikafa.

Sasa usiku mmoja pembe haikulia. Asubuhi nikaamka kando ya Nicanor nimelowa mpaka mgongoni. Sikungoja chai. Nikabeba lile blanketi linalonuka, nikavuka shamba.

"Kimutai! Ulikuwa umekufa? Nicanor ameogelea usiku kucha!"

Alikuwa ameketi nje mlangoni, kikombe mkononi, anatabasamu peke yake.

"Nisamehe, Mama Nicanor. Nililala."

"Kwa hivyo na wako amelowa!"

Akatikisa kichwa. Akaniambia aliamshwa na mkono mdogo unaomvuta sikio. Chelimo alikuwa ameamka mwenyewe gizani, ametafuta mkebe mwenyewe, amemaliza. Kimutai aliruka kitandani kutafuta pembe, na mtoto akamsukuma kifuani.

"Akaniambia, 'Baba, lala. Gari imepita.'"

Akanywa chai ambayo nadhani ilikuwa imeshapoa zamani. Nami nimesimama pale na blanketi langu, hasira sijui imeenda wapi, machozi yananitoka.

"Hongera, Baba Chelimo," nikamwambia. "Lakini leo usiku upige. Wangu bado."

Akapiga.