Kistari cha Bi Nipo

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili. Shuleni, tangu mwaka wake wa pili wa kazi, aliitwa Bi Nipo, na waliomwita hivyo walikuwa na sababu. Asubuhi alipoita majina hakukubali "ndiyo", hakukubali "abee", na ole wako unyooshe mkono kama unasimamisha gari. Ulipaswa kujibu "Nipo!" kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba, hata kama hukupata hata chai ya rangi. Mtoto akinong'ona, alilirudia jina lake mpaka darasa zima likaangua kicheko na mtoto mwenyewe akaipata sauti.

Tusimwonee. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye mkono mwepesi wa kusifu na mzito wa kupiga. Watoto wengi waliojifunza kusoma katika shule ile ya serikali, yenye madirisha yasiyo na vioo na ubao uliochubuka katikati, walijifunzia kwake. Ndiyo maana kosa lake lilikaa miaka mingi bila mtu kulitilia shaka. Mbaya akikosea huonekana upesi. Mwema hukosea kwa raha zake.

Kosa lenyewe lilitoka kwenye daftari la mahudhurio. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, na kila mtoto alikuwa na mstari wake wa visanduku vidogo. Aliyekuja alichorewa kistari cha wino wa buluu. Asiyekuja aliwekewa sifuri nyekundu. Kanuni zake zilibandikwa ofisini, na watoto walizijua kuliko jedwali la kuzidisha: sifuri tano mfululizo, barua kwa mzazi; sifuri kumi, mwalimu wa darasa anakwenda nyumbani kwenu kwa miguu yake; sifuri thelathini, jina linapigwa mstari na pembeni linaandikwa neno moja, mtoro. Neno hilo likishaandikwa halikuwa na dawa. Aliyekuwa akiuguza, aliyekosa viatu na aliyekuwa akicheza kamari vichakani, wote walikuwa watoro tu, na hakuna aliyewachambua.

Bi Nipo aliichukia siku ya kumi. Alipokuwa na miaka tisa aliumwa homa iliyomlaza wiki mbili, na mwalimu wake akaja kumfuata na kundi la wanafunzi, fimbo kwapani, wakiimba "mtoro huyo" mtaa mzima. Baba yake, mtu wa kuogopa majirani kuliko magonjwa, hakuuliza kitu. Alimchapa mbele ya wageni, homa na yote. Hapo aliapa kwamba akiwa mwalimu hatamfuata mtoto kwao kama polisi. Kiapo chema, ungesema.

Lakini tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli ndiyo iliyomponza. Kulikuwa pia na bendera. Kila Ijumaa, mstarini, mwalimu mkuu alitoa bendera ndogo ya kijani kwa darasa lililopata sifuri chache kuliko yote, na darasa la Bi Nipo lilikuwa nayo wiki baada ya wiki. Aliitundika juu ya ubao. Asubuhi aliitazama kabla ya kuwatazama watoto, na mtu akimpongeza alisema "aa, ni watoto wenyewe tu", huku uso umenawiri mpaka masikio.

Sasa, katika darasa lake la sita alikuwepo binti wa fundi cherehani, mtoto wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mcheshi, aliyekuwa akiwachekesha wenzake kwa kuiga sauti ya mwalimu mkuu. Baba hakuwepo; walikuwa yeye na mama yake. Mama ndiye aliyeshona nusu ya sare zilizokaa darasani mle, na binti alizitambua zote. "Hilo pindo lake nililishika mimi," aliwaambia wenzake.

Muhula wa pili binti alikosa siku tatu. Akarudi siku moja, macho mekundu, na alipoulizwa akasema mama ana homa. Jumatatu iliyofuata hakuja tena. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kimya. Sifuri nne zikakaa kwenye mstari wake zimeshikana mikono.

Ijumaa asubuhi Bi Nipo alishika kalamu akaita jina lake mara mbili. Hakuna aliyejibu. Sifuri ya tano ilikuwa na maana ya barua, na barua ilikuwa na maana ya aibu kwa mama mgonjwa. Pia ilikuwa siku ya bendera, na darasa la tano lilikuwa likiwafukuzia kwa sifuri mbili tu. Lipi kati ya hayo lilishika mkono wake? Mwenyewe baadaye alijiuliza mara nyingi, na hakupata jibu lililomstarehesha. Alichora kistari cha buluu. Bendera ikabaki ilipokuwa.

Uongo wa kwanza una kazi. Wa pili unajiendea wenyewe. Jumatatu alichora kistari kingine, Jumanne kingine, na kufikia wiki iliyofuata alikuwa akichora bila hata kuliita jina. Alijiambia anamtunzia mtoto nafasi yake. Alijiambia Jumamosi atakwenda kumwona, siyo kama mwalimu wa siku ya kumi bali kama mama kwa mama, na sukari kilo moja mkononi. Jumamosi ikaja na kufua, ikaja na kikao cha ukoo, ikaja na mvua.

Mwalimu wa hesabu, kijana mwenye ulimi usio na breki, ndiye pekee aliyegundua. Alimkuta chumba cha walimu akisahihisha.

"Bi mkubwa, huyu binti wa fundi yuko wapi? Wiki ya tatu hii sijaliona daftari lake."

"Anauguza mama yake."

"Nani kakwambia?"

"Moyo wangu umenambia."

"Basi huo moyo wako uuambie uweke sifuri, maana kwako huku naona vistari tu. Siyo vizuri, bi mkubwa. Mtoto akiandikwa yupo, nani atamtafuta?"

"Wewe bado mdogo. Unataka akatwe jina? Nitakwenda kesho."

Kesho ikazaa keshokutwa, keshokutwa ikazaa mtondo, mtondo ukazaa mtondogoo, na kijana wa hesabu akahamishiwa shule nyingine. Muhula ukaisha. Ndipo mwalimu mkuu, akipanga karatasi za mtihani, akamwita ofisini. Alikuwa ameweka daftari mbele yake na kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Mtoto amehudhuria siku zote isipokuwa saba, halafu hana karatasi hata moja ya mtihani. Amekuwa jini?"

Hapo alikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, na makosa ya namna ile yalikuwa yakisameheka kwa barua ya onyo na siku chache za kuinamisha kichwa. Akajisikia akisema, "Amehama, mwalimu mkuu. Juzi juzi tu. Nilisahau kuandika."

Mwalimu mkuu akaandika "amehama", akatia sahihi, akafunga daftari. Mtoro angalau kuna siku angeulizwa. Aliyehama hana wa kumuuliza.

Likizo ilipofika alikwenda. Ndiyo, alikwenda, na sukari aliinunua. Alifika mpaka kwenye kona ya mtaa wao, penye duka la mafuta ya taa, mahali ambapo nyumba ya fundi ilionekana vizuri. Kanga zilikuwa zimeanikwa, mlango uko wazi. Walikuwemo. Hawakuhama popote. Na pale pale akatambua kwamba akipiga hodi tu, uongo wake wa ofisini unakuwa na mashahidi wawili. Akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha akageuka akarudi kwake na sukari yake. Chai aliyoinywa wiki ile haikumpa ladha.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na yeye mjukuu huyo alimlea vizuri. Alifundisha miaka mingine kumi na sita, na hakuchora tena kistari cha uongo. Akawa wa kwanza kubisha hodi milangoni mwa watu, siku ya tatu, ya nne, bila kungoja kumi wala fimbo, na wenzake walimtania kwamba anatafuta mchumba mitaani. Bendera aliacha kuitazama. Siku ya kumuaga, mwalimu mkuu mpya alisimama na kikombe cha soda akasema, "Katika maisha yake yote ya kazi, Bi Nipo hakuwahi kupoteza mtoto." Watu wakapiga makofi. Yeye akainama akajifanya anatafuta pochi yake chini ya kiti.

Mwaka wa pili wa kustaafu alisikia kwamba binti wa fundi ana duka lake la ushonaji karibu na posta. Alipita mbele ya duka hilo mara tatu kwa siku tatu tofauti. Mara ya nne alinunua kitambaa cha gauni, mita tatu, ili miguu isiwe na kisingizio, akaingia.

Binti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini sasa, tepu shingoni, pini mdomoni. Alizitema pini kiganjani akapiga kelele.

"Mwalimu! Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Umenikumbuka?"

"Nikusahau wewe? Mpaka leo mtu akinipigia simu naitika 'Nipo!' Wateja wananicheka. Karibu, karibu, simama hapa nikupime. Umekonda, mwalimu, au ni mimi niliyekuwa mdogo?"

Bi Nipo alisimama katikati ya vipande vya vitambaa, mikono imenyooka pembeni. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu nyumbani, na sasa yote yalimkimbia. Binti alipima bega, akaandika. Akapima mgongo, akaandika. Alizungumza huku akifanya kazi: mama yake aliamka siku moja upande mmoja wa mwili umekufa, akakaa kitandani miaka saba, akafariki. Yeye ndiye aliyekuwa mikono na miguu yake, na cherehani akajifunza kwa kuelekezwa kutoka kitandani, "siyo hivyo, geuza, geuza, mtoto gani huyu". Alicheka aliposema hivyo. Kisha akazungusha tepu kiunoni mwa mwalimu wake.

"Halafu, mwalimu, kuna jambo siku nyingi nataka kukuomba radhi."

"Uniombe radhi mimi?"

"Siku ile ulipokuja nyumbani ukanikosa."

Bi Nipo alitazama vipande vya vitambaa miguuni pake.

"Mama alinikataza nisimwambie mtu," binti akaendelea. "Aliogopa ndugu watakuja kunichukua nikawe yaya wa watoto wao. Nikamwahidi. Lakini kutembelewa hakunikataza, si ndiyo? Nikajiambia, siku ya kumi mwalimu lazima aje. Atajionea mwenyewe, na mimi nitakuwa sijasema kitu. Nikawa nachora mistari nyuma ya mlango kwa chaki ya mama ya kukatia. Siku yenyewe nikafagia, nikamvalisha mama gauni zuri, nikatoa kiti nje kwa ajili yako. Nikangoja mpaka adhuhuri. Mama akaomba maji, na ndoo ilikuwa tupu. Nikakimbia bombani, foleni ndefu. Niliporudi nikakuta kiti kimesogea. Mama alikuwa amelala. Nikajua tu: mwalimu amekuja, amebisha, amekuta kimya, ameondoka."

"Mwanangu..."

"Kiti niliendelea kukitoa, wiki mbili nzima. Lakini nilijua una watoto wengine. Ulikuja, ukanikosa, kosa ni langu. Nisamehe."

Hapo palikuwa na amani ya bure, imeletwa mpaka mkononi. Hakuhitaji kusema uongo hata. Kunyamaza kungetosha, na kumpapasa bega, na kusema yamepita. Gauni lingeshonwa, wangekuwa marafiki. Mwalimu mkuu yule alishafariki na daftari lenyewe lilishaliwa na mchwa. Bi Nipo alihisi tepu ikimbana kiunoni, akaona uso wa yule mtoto umeinuliwa ukimngoja aseme "nimekusamehe", na aibu ikampanda mpaka machoni.

"Sikuja," alisema.

"Eh?"

"Siku ile sikuja, mwanangu. Wala siku nyingine. Nilikuwa nakuandika kwamba upo."

Binti alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Siku zote?"

"Mpaka muhula ulipoisha. Halafu nikasema umehama. Sifuri kumi hazikupata kufika kwako. Sikuziandika."

"Sasa kiti..."

"Sijui nani alikisogeza. Labda mtoto wa jirani. Siyo mimi."

Nje mtu alikuwa akiuliza bei ya vifungo kwenye duka la pili. Binti aliilegeza tepu, akaikunja taratibu kwenye vidole vyake, akakaa kwenye stuli ya cherehani.

"Miaka kumi na minane," alisema, "nimejilaumu kwa ndoo moja ya maji."

Bi Nipo alitaka kulia, lakini alijua kwamba akilia, yule binti atalazimika kuinuka ambembeleze, maana alilelewa vizuri. Akajizuia. Alisema "nisamehe", likatoka dogo.

Binti aliinuka, akakunja kile kitambaa cha mita tatu, pembe juu ya pembe, akamrudishia.

"Mtafute fundi mwingine, mwalimu," alisema, bila ukali, kwa sauti ile ile ya heshima aliyomkaribishia. "Mimi chako sitaweza kukikata."

Bi Nipo alikipokea kwa mikono miwili, akatoka.