Moshi wa Dirisha Lililozibwa

Mama aliyenipangisha chumba cha nyuma kule mtaa wa Bwiza alikuwa akipika maharagwe ya kuuza. Kabla ya vita alipikia uani. Kisha risasi iliyopotea ikampata jirani akiwa amechutama mbele ya jiko lake, na kesho yake mama akahamishia sufuria ndani, akaziba dirisha la jikoni kwa matofali mpaka juu. Makaa yalikuwa hayashuki tena kutoka milimani, kwa hiyo tuliwasha kuni mbichi za mkaratusi. Moshi ulitafuta pa kutokea, ukakosa, ukabaki nasi.

Mimi sikuwa mtu wa kukaa. Niliacha shule mapema, na kila miguu iliponiwasha nilivuka mpaka wa Gatumba, nikauza sabuni upande wa Kongo, nikarudi nilipochoka. Kwa sababu hiyo nilikisikia kikohozi cha mama vizuri kuliko wanawe waliolala nacho nyumba moja. Mwanzoni kilikuwa kikavu, cha kusafisha koo. Niliporudi tena kilikuwa na makohozi, asubuhi, kabla hata hajawasha moto. Safari iliyofuata nilikuta kifua chake kikipiga filimbi akiinua ndoo.

"Mama, hii kikohozi haiishe?"

"Ni baridi tu. Na we, umerudi mikono mitupu tena, muzururaji?"

Siku aliposhindwa kumaliza sentensi bila kutafuta pumzi, nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muganga alimsikiliza mgongoni, akampa dawa, akasema, "Fungua dirisha, mama."

"We muganga, unakaa kartiye gani, mutaa gani? Kwetu risasi inapita. Moshi haiue mutu siku moja. Risasi inaua siku moja."

Watu kwenye benchi walicheka. Muganga naye alicheka.

Mama alipotoka, mimi nilibaki mlangoni. Nilitaka kujua kwa nini alikohoa hata siku ambazo hakupika.

"Wagonjwa wanangoja, bwana," muganga alisema, ila alinieleza. Njia za pumzi zina ngozi laini ndani, yenye unyevu. Moshi ukiingia, ngozi hiyo huvimba, huwa nyekundu, na hutoa ute wa kuuzoa uchafu. Huo ni ulinzi. Moshi ukikoma, uvimbe hushuka. Lakini ukirudi kila siku, kabla ngozi haijapona, mwili hauoni sababu ya kuwaondoa walinzi wake. Ute unazidi, kuta zinanenepa, njia inakuwa nyembamba. Mwisho kikohozi hakingoji moshi tena.

"Na kinarudi nyuma?"

"Kidogo. Kuta yenye imeisha kunenepa, sijui kama itapungua. Ila ikiendelea hivi, atakosa pumzi hata akiwa amekaa."

Nilirudi nikitazama ukuta ule kwa macho mengine. Nilimwambia mama tutoe matofali ya juu tu, chini ya bati, kwa kuwa moshi unapanda na risasi zinapita chini.

"Nani alikuambia zinapita chini?"

Sikujua. Nilikuwa nimebuni tu, na nilikiri hivyo. Alisimama karibu na ukuta, akapima kwa kiganja kutoka utosini mwake kwenda juu.

"Toa kuanzia hapa. Kama inapita, ipite juu ya kichwa."

Nilitoa mstari wa juu. Moshi ukainama, ukatoka. Baada ya majuma kadhaa aliweza kwenda sokoni na kurudi akiongea njia nzima, akinisema mimi. Filimbi ilipungua, haikuondoka. Makohozi ya asubuhi yalibaki, na nadhani wote wawili tulijua kwamba yamekuja kukaa.

Jioni moja milio ya risasi ilianza upande wa Kanyosha, kisha ikasogea. Wanawe walilala chini sakafuni. Mimi niliokota tofali la kwanza, nikapanda juu ya kigoda kulirudisha mahali pake.

"Acha," mama alisema. Alikuwa amechutama, ameinamisha kichwa, mwiko ungali mkononi.

"Mama, zinakaribia."

"Nasikia. Nina masikio. Shuka, ulale chini na wengine. Hiyo tundu uiache."