Chura wa Kwenye Ubao Mweupe

Mpira wangu ulikuwa wa vitambaa. Niliushona mwenyewe kwa vipande vya kanga zilizochakaa, nikaujaza pamba ya mto, na kwa mpira huo nilifundisha watoto wadogo vina kwa miaka mingi. Nikisema "jiko," namrushia mmoja. Akiudaka anatafuta neno linaloishia kama langu, anasema "mwiko," kisha anamrushia mwenzake. Sukari, gari. Embe, pembe. Mbuzi, uzi. Tulikaa kwenye mkeka, mimi katikati na miguu nimeinyoosha, na kipindi kilikwisha kabla hatujachoka.

Kanuni ilikuwa moja tu. Mtoto akikwama hachekwi. Aliye jirani yake anamfungulia.

Hilo nililitoa kwa baba yangu, Mola amrehemu. Baba alisalisha msikitini miezi ya Ramadhani, na sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Imamu akisahau katikati ya kisomo, mtu wa safu ya mbele humtajia polepole neno linalofuata, naye huendelea. Ndiyo kumfungulia imamu. Baba alinifundisha kwamba anayejua neno halafu akanyamaza, wakati mwenzake amesimama mbele za watu na ulimi umefungika, ana la kujibu mbele ya Mungu. Nilikuwa na miaka saba aliponiambia hivyo. Sikulisahau, na hapo ndipo ulipo uzito wa haya ninayoyaandika.

Shule ilikuwa mtaa wa Mchafukoge, chini ya jengo la zamani lenye maduka pande mbili. Mwenye shule alikuwa mama wa Kihindu, jirani yangu wa tangu ujana. Watoto wake walijifunzia Kiswahili uani kwangu, wakiwa wamekaa pamoja na wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani, wenzao wakisoma herufi za dini na wao wakisubiri kashata. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua shule, alikuja kwangu na sahani ya vitumbua. "Dada," aliniambia, "wazazi wanataka Kiingereza, nitawapa Kiingereza. Lakini nataka mtu wa kuwapa Kiswahili, na simjui mwingine." Nilimshukuru Mola. Asubuhi nikawa shuleni kwake, jioni nikabaki na chuo changu nyumbani.

Mwanzoni hatukuwa na kitu. Chaki tuliikata vipande vitatu. Kisha biashara ya nje ikafunguliwa, Kariakoo ikajaa vitu vya Dubai mpaka vikalala barabarani, na kila mtaa ukawa na shule yenye bango la rangi. Mwenye shule akaanza kuhofia bango la jirani. Mumewe, aliyekuwa na duka la vyombo vya umeme, akaleta ubao.

Ulikuwa mweupe na laini kama sahani ya kaure. Kompyuta ilikaa mezani, na darini ilining'inia mashine iliyomulika picha ukutani. Mtoto alipogusa picha kwa kidole, ilisogea na kutoa sauti. Akipatia, nyota zilimwagika na makofi yakalia. Akikosea, au akichelewa, chura wa kijani aliruka katikati ya ubao na kukoroma.

Pamoja na ubao alikuja mwalimu wa kuutumia, binti wa bara, msomi, mwenye adabu. Aliniamkia kila asubuhi kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu."

Sikuwa na la kumlaumu, na hilo lilinisumbua zaidi. Ubao ulikuja na maneno ya Kiingereza peke yake. Yeye akakaa wiki nzima baada ya masomo akichora picha zetu, mbuzi na uzi, ndoo na koo, akaziingiza mle ndani ili ufundishe vina vya Kiswahili. Vina vyangu. Maneno mengine aliyapata kwangu, nikimtajia mwenyewe huku nikimenya chungwa, nisijue anayapeleka wapi.

Kipindi changu kikawa chake. Mimi nilipewa kiti nyuma ya darasa, "upumzike Bibi," na dakika kumi za mwisho. Dakika hizo watoto walikuwa wamegeuza shingo kutazama ubao uliozimwa.

Mpishi wetu wa uji, mwanamke wa Pwani asiyeficha neno, alinikuta nimekaa korido na mpira mapajani.

"Bibi, umeletewa mke mwenza."

"Mke mwenza ana mdomo. Yule hana."

"Ana umeme. Wewe una matambara. Bwana atalala wapi?"

"Toka hapa na mwiko wako."

"Ona alivyonuna," alisema, akaondoka anacheka.

Nilicheka pia, ila kicheko hakikufika tumboni. Nilikuwa na wivu. Nimesomeshwa dini tangu mdogo, najua maradhi ya moyo na majina yake, na niliyatambua yalipoingia kwangu kama mtu anavyotambua hodi ya jirani. Sikuyafukuza. Niliyapa kiti.

Miezi ile ilikuwa ya mgao wa umeme. Namwomba Mola anisamehe, umeme ulipokatika nilifurahi. Ubao ulizimika, binti wa watu akabaki na kidole hewani, nami nikanyanyuka na mpira wangu pasipo haraka. Lakini hata hapo sikushinda. Nilisema "embe" nikamrushia mtoto mmoja, naye badala ya kujibu akaja mpaka gotini kwangu, akagusa ua la kanga yangu kwa kidole, akasubiri lilie. Halikulia. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Baada ya wiki mbili mume wa mwenye shule akaleta jenereta, na furaha yangu ile nayo ikaisha.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, wa miaka sita, mama yake akiuza kanga Kariakoo. Maneno ya mtoto yule yalichelewa. Ukimuuliza kitu anakutazama kwanza, midomo inacheza kidogo, kisha jibu linakuja, tena zuri. Kwenye mkeka wangu hilo halikuwa taabu. Alishika mpira akaukumbatia, wenzake wakasubiri, na kama kusubiri kumekuwa kurefu jirani akamnong'oneza mwanzo wa neno. Akishaanza huwezi kumzuia. Siku moja alitaja maneno manane ya kina kimoja bila kuurusha mpira, wenzake wakalalamika kwamba amewadhulumu.

Ubao haukumsubiri. Siku ya kwanza alisimama mbele yake, akatazama, midomo ikaanza kucheza, na kabla neno halijatoka chura akaruka na kukoroma. Darasa likacheka. Chura yule alitengenezwa achekwe, watoto hawakuwa na kosa. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu, kwenye foleni ya uji, walimwita Chura. Baada ya hapo alikataa kunyanyuka, na kisha akaacha kuongea darasani kabisa, hata kwenye dakika zangu kumi.

Niliyaona yote hayo nikiwa kwenye kiti changu cha nyuma. Niliona jinsi alivyoanza na jinsi alivyozimika. Lilikuwa neno moja la kumwambia binti: mwanangu, mtoe huyo chura, mpe mtoto muda. Sikulisema. Nilitaka ubao uaibike wenyewe, mwenye shule aone, aniite aseme dada, rudi na mpira wako. Nilikuwa nalinda aibu ile iive.

Mwenye shule alituita sote wawili, mimi na binti, ofisini. "Yule mtoto wa muuza kanga haongei," alisema. "Shule za msingi zinawahoji kabla ya kuwachukua. Siku ya wazazi nitamweka mbele. Asipojibu, nitamwambia mama yake kwamba mtoto arudie mwaka. Sipendi, lakini nitafanyaje?"

Tulipotoka, binti akanishika mkono.

"Bibi, huyu mtoto kwako alikuwa anaongea?"

"Kidogo," nilisema.

"Nimfanyeje?"

"Wewe ndiye mwenye ubao, mwanangu."

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Jioni ile kwenye chuo changu niliwaombesha watoto dua ya kila siku, Mola atukinge na shari ya hasidi. Wao walisema amina kwa sauti. Mimi amina yangu ilinikwama.

Hali ile ilidumu wiki tatu, mpaka siku ya wazazi. Viti vilikodiwa, jenereta ikanguruma uani, kinamama wakakaa mbele na kinababa wakasimama mlangoni. Mama yake yule mtoto alikuja amefunga biashara yake, kanga mpya begani, akakaa kiti cha kwanza. Watoto walikuwa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa pembeni yao.

Watatu walipita wakapatia, nyota zikamwagika. Kisha akaitwa yeye. Alinyanyuka, akavuta gauni lake chini, akasimama mbele ya ubao.

"Meza," binti alisema kwa upole. Chini ya picha ya meza kulikuwa na picha tatu: sahani, kijiko na pweza.

Midomo ikaanza kucheza. Akageuza shingo. Hakumtazama mwalimu wake wala mama yake. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemzoesha kwamba aliyekwama atafunguliwa.

Neno lilikuwa mdomoni kwangu. Lakini niliona na yanayolifuata: nikilisema, ubao utapiga makofi, wazazi watausifu, na kiti changu kitabaki kule nyuma milele. Nikinyamaza, chura ataruka mbele ya wazazi wote. Nilifikiri hayo kwa muda mfupi sana, lakini nilifikiri, na midomo yangu ilikuwa imefungwa.

Chura akaruka. Akakoroma. Kinababa mlangoni wakacheka.

Kwenye mkeka hakucheka mtu. Mtoto mmoja wa kike akasema polepole, "Pweza." Mwingine akafuata, kisha wote, kwa sauti ya chini, kama safu ya mbele ikimfungulia baba yangu. Pweza. Watoto walewale waliomwita Chura. Walikaa kwenye mkeka, mwenzao amekwama, wakakumbuka kanuni ya mkeka.

Na yule mtoto, chura akiwa bado anaruka mbele ya uso wake, akasema, "Pweza." Akavuta pumzi. "Cheza. Teleza. Lemaza. Sokota, hapana. Ongeza. Punguza." Akaendelea, mengine yakiwa na kina na mengine hayana, na hakuna aliyeweza kumzuia. Mama yake alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga yake mpya.

Makofi yalipigwa. "Hii mashine ni kiboko," nilimsikia baba mmoja akimwambia mwenzake. "Ona inavyowafungua watoto." Mwenye shule aliniegemea akaninong'oneza, "Dada, ataingia darasa la kwanza." Nikamwambia alhamdulillahi. Katika chumba kile chote, waliojua neno walikuwa wamelisema, isipokuwa mimi.

Wazazi walipokwisha kuondoka nilimkuta binti anakunja nyaya. Nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinigusa kidevu.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Mtoto yule kwangu alikuwa anaongea sana. Na nilijua tangu siku ya kwanza kwamba chura ndiye anayemnyamazisha."

Aliacha nyaya. "Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Wivu."

"Wivu na mimi?"

"Na wewe. Na huo ubao. Huo zaidi."

Alitaka kucheka, nikamwona. Kisha uso ukabadilika. "Wiki tatu, Bibi," alisema. "Mtoto amekaa kimya wiki tatu, na mimi usiku silali nikijiuliza nimemkosea nini."

Nilimwomba radhi. Aliniambia amesamehe, lakini alilisema akiwa amenipa mgongo, na ilipita muda kabla hajaanza tena kuniuliza maneno. Nilimvumilia. Ilikuwa haki yake. Kwa yule mtoto niliomba radhi kwa namna yake: nilimpa mpira akae nao siku nzima.

Chura hakutoka kirahisi. Binti alihangaika naye siku mbili, akagundua kwamba anaweza kumtoa na kuweka sauti mahali pake, na muda wa kusubiri unaweza kurefushwa mara tatu. Akaja na kipaza sauti kidogo cheusi.

"Tunahitaji sauti, Bibi. Mtoto akikwama, iseme nini?"

Nikafikiri. Nikakisogeza mdomoni nikasema, "Nani atamfungulia mwenzake?"

Tangu hapo, mtoto alipokwama ubao uliuliza hivyo kwa sauti yangu, na mkeka mzima ukajibu. Walinipa tena nusu ya kipindi. Nashukuru, na kwa mtoto yule nashukuru zaidi, kwani alihojiwa shule ya msingi na nikaambiwa mwalimu wa huko ndiye aliyemwomba anyamaze.

Lakini naandika ukweli. Asubuhi moja nilichelewa, nikafika korido nikasikia ile sauti yangu ya ubaoni ikiuliza, ikisikika changa kuliko ya mdomo wangu, haina kikohozi, na watoto wakiijibu kwa furaha kabla mimi sijavua viatu. Nikakaa kwenye benchi na mpira wangu. Mpishi akapita na ndoo ya uji, akasikiliza mlangoni, akanitazama usoni.

"Bibi," alisema, "usiniambie sasa unajionea wivu mwenyewe."

Nikamwambia aniwekee uji, usiwe moto sana, ninaingia darasani.