Kiapo cha Kamba Moja

Huku kwetu Svaneti, kwenye milima ya theluji, mtu hashiki picha takatifu ya kanisani akaapa kwa mchezo. Mume wangu Bekhnu na rafiki yake Jansugi waliishika pamoja ujanani, wakaapa kwamba mlimani mmoja akisema "turudi", mwenzake hatabisha. Tangu hapo walipandisha wageni mlimani, wamefungana viunoni kwa kamba moja, nami nikawa napata usingizi.

Bekhnu anaijua theluji kama mimi ninavyoujua unga. Juni hii upepo wa joto ulivuma kutoka kusini, ukairundika theluji mpya nyuma ya mgongo wa mlima. Walipofika pale na wageni wawili, Bekhnu akakanyaga. Theluji ikaguna, ikapasuka ufa mwembamba.

"Turudi," akasema.

"Aa, wapi. Kilele si kile pale, ndugu yangu? Au uzee umekuingia?"

"Jansugi, nimesema turudi."

Jansugi akafungua fundo kiunoni mwa mume wangu, akaondoka na kamba na wageni. Bekhnu akateremka peke yake, bila kamba, juu ya barafu yenye nyufa zilizofunikwa. Kumwacha mtu hivyo ni kumuua, ila hakufa.

Wenzake walifika kileleni, wakarudi wazima. Jioni Jansugi akaandaa karamu. Nilimkataza Bekhnu asiende. Akaenda, kwa kuwa jirani akiita huwezi kubaki kwako, nami nikamfuata.

"Tunywe kwa heshima ya wasioogopa," akasema Jansugi, na meza nzima ikamtazama mume wangu.

Hapo mlima ukanguruma. Tukatoka nje. Mteremko waliopita asubuhi ulikuwa umeporomoka wote, na nyayo zao zimekwenda nao. Watu wakamgeukia Jansugi, wakisubiri aseme neno moja tu la haki.

"Mmesikia?" akasema. "Mlima unanipigia makofi."

Wakacheka. Bekhnu akaweka bilauri yake mezani ikiwa imejaa, tukaondoka.

Kesho yake Jansugi huyo langoni, kamba begani. "Ndugu yangu, wageni wapya hao. Utani wa jana usiuweke moyoni."

"Na kiapo?"

"Si tulirudi wazima?"

"Basi kajifunge na huo mlima unaokupigia makofi."

Akafunga lango. Sasa Bekhnu anakata nyasi za ng'ombe, hapandi tena. Lakini upepo wa kusini ukivuma na Jansugi yuko juu, huacha mundu, akasimama uani akiutazama ule mgongo mpaka mtu yule ateremke. Ningekuwa mimi, ningeendelea kukata nyasi.