Wakimbiaji Wasio na Watoto

Juzi hapa Kasese nilitazama na mwanangu fainali ya mita mia ya wanaume, mashindano ya dunia. Wakimbiaji walipoinama, nikarudi kimawazo utotoni, Bwera, sebuleni kwa mke wa askari, jirani yetu, aliyekuwa na televisheni.

Alasiri ile kahawa ilianikwa uani, na harufu yake ilijaa ndani. Miaka hiyo ya vita, risasi ikilia mlimani, kila mtu mzima alinyakua mtoto aliye karibu, awe wa yeyote, akakimbia naye. Kwa hiyo bastola ya kuanzisha mbio ilipolia kwenye televisheni, mama alininyakua, tukajikuta mlangoni. Watu wakacheka.

"Iko michezo tu, mama Masika," jirani alisema taratibu.

Mimi nilikuwa bado nawatazama wale wanaume, wakikimbia kwa nguvu zote, mikono mitupu.

"Mama, watoto yao wameacha wapi?"

Kicheko kikakatika.

Sasa najua bastola ile haina risasi. Lakini juzi sikumwona mshindi. Mlio wa bastola ulipokwisha, nilisikia sauti ya mwanangu: "Mama, achia mukono yangu. Unaniumiza."