Musi ni Musi

Shemeji wangu Muhigirwa alikuwa mtu mwema na mbishi, na mpaka leo nashindwa kumlilia vizuri kwa sababu ya hasira. Watu wa Kamembe wakimtaja, "yule Mzee wa boti," wananitazama usoni kama wanangoja machozi. Siwapi. Machozi yangu nayamalizia nyumbani.

Alizaliwa Nzahaha kwa wakulima, mbali na ziwa, akaja Cyangugu akiwa kijana kulinda nyumba ya Mbelgiji mmoja aliyebaki baada ya uhuru. Nyumba ilikuwa chini kabisa, ukingoni mwa ziwa. Huko ndiko alikomwona dada yangu Nabintu, sisi tukiwa tumevuka kutoka Bukavu na wazazi wetu kwa biashara ya vitenge. Muhigirwa hakujua kuogelea. Tulimcheka sana: mlinzi wa ufukoni, lakini anaoga kwa ndoo! Yeye naye alicheka, kisha akaenda zake kujaza ndoo.

Mbelgiji alikuwa na boti ndogo ya plastiki, yenye tanga jeupe. Siku moja aliipindua makusudi mbele ya Muhigirwa. Boti ikageuka tumbo juu, ikabaki inaelea. Akamweleza kwamba kila ubavu una sanduku lililozibwa, na ndani limejazwa musi. Hilo ni neno la Kifaransa. Sisi huku tunaiita hivyo sponji yoyote. "Ikipinduka, ishike tu," Mbelgiji alimwambia. "Haizami." Alipofunga mizigo kurudi kwao, akamwachia boti ile.

Basi Muhigirwa akawa mtu wa kuvusha watu. Aliwatoa kisiwani Nkombo akina mama na viazi vyao na sambaza zao, vile visamaki vya ziwani, akawaleta huku sokoni. Wagonjwa aliwapeleka zahanati. Mawimbi yakipanda na mtu akaanza kumwita Mungu, yeye alisema kwa upole, "Hii boti haizami, Maman. Ikipinduka, mushike tu." Alilisema sana hilo, mpaka batoto ba Nkombo wakambandika jina la Papa Haizami. Alilipenda jina hilo kuliko lile la ubatizo.

Lakini boti ya kuburutwa kwenye mawe haibaki nzima. Chini ilipata nyufa, na maji yakaingia kidogo kidogo mpaka kwenye masanduku ya mbavuni. Zamani aliivuta nchi kavu na dada yangu peke yao. Miaka ikapita, akawa anaita nusu ya wavuvi wa pale, na boti ikiwa majini imelala chini, ukingo karibu unywe ziwa.

Ndipo akapita Adrien, fundi wa boti kutoka Bukavu, aliyekuja kutengeneza mashine ya mtu mwingine. Alipiga ubavu wa boti kwa ngumi, akasikiliza.

"Papa, musi imekunywa maji," akasema. "Toa yote, weka musi ingine, halafu uzibe muzuri."

Akapanda mtumbwi wake wa pirogi, akaenda. Hakusema zaidi ya hayo, na hakuulizwa zaidi.

Muhigirwa alikata masanduku kwa kisu. Ilitoka musi ya manjano, ngumu, inayomeguka, inanuka tope. Aliianika juani kiangazi kizima. Juu ilikauka, lakini ukiivunja, ndani maji. Akaitupa.

Sasa musi ingine itoke wapi? Kwetu musi ilikuwa moja tu, matela, yaani godoro, ya dada yangu. Nabintu aliinunua kwa vitenge vyake mwenyewe, ya kwanza katika mtaa wetu. Kabla ya hapo walilalia mkeka wa mafunjo. Mgeni akija aliingizwa mpaka chumbani, aibonyeze kwa kiganja, aone inavyoinuka tena. Mimi niliibonyeza mara nyingi, kwa wivu.

Siku hiyo nilikuwa jikoni kwao. Muhigirwa akaingia, akasimama.

"Maman Nzigire," alimwambia, kwa jina la binti yao, "unipe matela."

Dada akadhani ni mzaha. "Ya nini?"

"Ya boti. Adrien amesema musi. Musi ni musi."

"Na sisi tutalala wapi, Papa Nzigire?"

"Kwa mukeka, kama zamani. Bantu ba Nkombo bananitegemea."

Dada akaenda kuitoa shuka. Kisha akafuata mkasi wake wa vitenge, akaikata mwenyewe, vipande vilivyonyooka, akisema mwanaume ataiharibu. Wakavishindilia kwenye masanduku, wakaziba kwa lami. Boti tupu, kavu, ikaelea kama mpya. Nabintu akatembea sokoni kifua mbele: "Matela yangu inabeba Nkombo yote!"

Musi ya boti maji hayaiingii, labda baada ya miaka mingi. Musi ya kitanda inayanywa siku ileile. Hayo Adrien alitueleza msibani, kichwa chini. "Nilizani anajua," alisema. Nilitaka kumpiga. Lakini yeye akisema musi anaona ile ngumu, na sisi tukisikia musi tunaona kitanda.

Mvua zilipoanza, nyufa zikafunguka tena. Upepo uliwakuta karibu na Nkombo, Muhigirwa na abiria mmoja, Ndayisaba, mfanyabiashara wa mawese aliyekuwa na vidumu vitupu. Boti ikapinduka. Ndayisaba alijua kuogelea, akakumbatia kidumu, akamsukumia shemeji kingine.

"Mzee, achilia boti! Shika kidumu!"

Muhigirwa hakukishika. "Haizami," akajibu. "Rudi wewe, tuishike wote."

Ndayisaba anasema shemeji hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa anamhurumia yeye, Ndayisaba. Boti ikashuka taratibu, naye ameishika, kama alivyoambiwa. Kesho yake wavuvi waliiopoa boti kutoka chini ya maji, na yeye wakamkuta hapo hapo, kamba ya tanga imemzunguka mkono.

Baada ya maziko dada yangu alishuka ziwani na mkasi uleule. Alitoa vipande vya matela, kila kimoja kizito kuliko mtoto. Mimi nilileta petroli, nikamwambia tuchome hili balaa. Yeye akavikusanya vyote. Alivikamua, akavishona pamoja tena, akaanza kuianika ile matela nyuma ya nyumba kila asubuhi na kuirudisha chumbani jioni.

Miaka imepita, bado anaianika. Juzi nilimkuta ameketi kando yake, nikaibonyeza kwa kiganja kama zamani.

"Imekauka, dada. Acha kujitesa."

"Upande wangu ndiyo," akasema. "Wake bado."

Nikaweka mkono upande ule mwingine. Ulikuwa mkavu kabisa. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, na mimi maneno hayanishindi.

"Kweli," nikamwambia, "bado una maji kidogo. Tuugeuzie juani."

Tukaugeuza.