Nilimwamkia Daktari wa Kwenye Miwani

Mnisamehe mwandiko na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba kwetu Vudee, Upareni, na huandika polepole.

Kabla sijaingizwa mrija moyoni, muuguzi alinivisha pale wodini miwani kubwa yenye picha zinazokuzunguka, ili nizoee chumba cha matibabu. Humo nikamwona daktari mzee.

"Shikamoo."

Kimya. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Nikaogopa: huyu aliyenikasirikia ndiye atakayegusa moyo wangu? Nikainama, nikamwomba radhi kwa kosa nisilolijua.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikatoka nyuma yangu.

Muuguzi akanivua miwani. Daktari mwenyewe alikuwa mlangoni, na wagonjwa wenzangu wanacheka hadi machozi.

"Yule wa kwenye miwani hakulelewa Upareni," akasema. "Mimi nimeitikia."

Niandikieni, nani mwingine amewahi kuamkia picha?